Rangi ya Kucha kwenye Nati

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu alinibandika jina la Cherehani, na si kwa sababu ya kushona tu. Alisema nikianza sinyamazi mpaka uzi uishe. Yeye naye waendesha pikipiki walimwita Vuta-Achia, maana kutwa nzima gerejini kwake maneno yalikuwa hayo hayo: vuta, achia, vuta, achia. Alikuwa fundi wa klachi. Injini alifungua, breki alifunga, hata taa alirekebisha, lakini klachi ndiyo iliyomweka mjini.

Gereji yetu ni banda la mabati kando ya barabara, ng'ambo ya kituo cha pikipiki. Upande mmoja mlango wake, upande wa pili dirisha langu na cherehani yangu, katikati pazia lenye madoa ya oili ambalo nimelifua mpaka nimenyoosha mikono. Kwa hiyo nikwambie nini? Lililosemwa kule nililisikia, na nisilolisikia nililiuliza.

Kwa asiyejua klachi, nitaeleza kwa ufupi, nikiweza. Kile kishikio cha kushoto kwenye usukani, unachokivuta kwa vidole kabla ya kubadili gia, kina waya unaoshuka mpaka kwenye injini. Ukikivuta, pleti za ndani zinaachana na gurudumu linabaki huru. Ukikiachia, pleti zinashikana na pikipiki inaondoka. Waya ukilegea mno, klachi haikati: unaingiza gia, pikipiki inaruka mbele na wewe hujajiandaa. Waya ukikazwa mno, pleti hazishikani sawasawa: unaongeza mafuta, injini inapiga resi, inalia, pikipiki inajikokota tu, na kabla hujamaliza kilima pua yako inapata harufu ya kuungua. Haya mume wangu alinifundisha tulipokuwa maharusi wapya, wakati wanaume wengine wanawatembeza wake zao.

Sasa, kishikio kinatakiwa kiwe na mchezo kidogo kabla hakijaanza kuuvuta waya. Mafundi wengi hupima mchezo huo kwa sarafu. Wanaichomeka kwenye upenyo wa kishikio, ikienea, kazi imekwisha. Mume wangu sarafu alikuwa hataki hata kuiona. "Sarafu ni ya dukani," alisema. "Mimi napima kwa hivi." Na anakuonyesha vidole vyake vya kushoto. Atafumba macho, atavuta taratibu, atasikiliza mchezo unaishia wapi na uzito unaanzia wapi, atageuza nati kidogo, atavuta tena. Akiridhika anaikaza, kisha anachukua chupa ya rangi ya kucha na kupaka mstari mwekundu unaopita juu ya nati na bolti yake. Mstari ukiwa mzima, hakuna aliyegusa. Mstari ukikatika, ujue nati imegeuzwa.

Rangi yenyewe ilikuwa yangu! Chupa ya kwanza niliinunua niolewe nayo, nikaikuta gerejini imekauka mdomo. Nikanunua nyingine, nayo ikaenda huko huko. Mwishowe nikaacha kupaka kucha, nikawa namnunulia yeye tu. Muuzaji wa duka la vipodozi aliamini mimi ni mwanamke wa kujipenda sana.

Ilianzia kwenye vifungo. Mume wangu alikuwa mtu wa mashati, na mashati nilimshonea mwenyewe. Ghafla akawa mtu wa fulana. Nikamwambia, "Hee, mke wako fundi wa nguo halafu wewe unavaa fulana za mtumba? Unanitangazia biashara gani?" Akasema ni joto. Baadaye kikombe kikamponyoka mkononi, akasema nimekiosha vibaya, kina sabuni. Kikamponyoka kingine. Nikamwambia kwa mwendo huo tutanywea chai viganjani, akacheka, na mimi nikacheka. Tulikuwa watu wa kucheka.

Huku gerejini klachi zote za mji zikaanza kuugua. Pikipiki ikija kwa pancha, kabla hajaitoa atavuta klachi, ataingiza gia, pikipiki itaruka. "Unaona? Haikati hii." Anakaza waya. Inakuja nyingine kwa breki, anavuta, inaruka. "Hata hii haikati." Anakaza waya. Lawama zote zikaenda kwenye spea. Nyaya za siku hizi uchafu, pleti za siku hizi makaratasi, dunia nzima imejaa feki. Alisema hayo kwa hasira ya kweli, na fundi yeyote aliyepita alimuunga mkono, kwa sababu hakuna fundi duniani asiyeamini kwamba spea za zamani zilikuwa bora.

Pikipiki yake mwenyewe ikaungua pleti. Akabadilisha. Zikaungua tena. Nilikuwa nimepanda nyuma siku hiyo, nimepakata mzigo wa vitambaa, tunapanda kilima cha sokoni. Injini inalia, sisi tunatambaa, mama mmoja mwenye kapu kichwani akatupita kwa miguu na kutusalimia. Nilicheka mpaka vitambaa vikaanguka. Yeye hakucheka. Alienda moja kwa moja kwa muuza spea wakagombana mpaka watu wakajaa mlangoni. Muuza spea, masikini, akaapa kwamba pleti zile zile amewauzia mafundi wote na hakuna aliyerudisha.

Jambo moja lilinishangaza, nalo ni adabu ya wateja. Waendesha pikipiki nawajua vizuri. Ukiwachelewesha kidogo wanapiga honi, wanatishia kuhama, wanakutajia na ukoo wako. Lakini wakati ule walikuwa wapole ajabu. "Asante fundi, imekuwa tamu." "Fundi, mkono wako hauna mpinzani." Wanatoka, na badala ya kuvuka barabara kurudi kituoni, wanakunja kona. Nilidhani kuna mama mpya wa chai huko nyuma.

Basi siku moja, jua liko utosini, akaja kijana mmoja wa kituoni tunayemwita Miwani, maana miwani yake ya jua haivui hata akiingia ndani. Cheni yake ilikuwa imelegea. Mume wangu akachuchumaa kuikaza, na alipoinua kichwa macho yake yakatua kwenye nati ya klachi. Mstari wake mwekundu ulikuwa umekatika. Nusu moja iko juu ya bolti, nusu nyingine imehamia pembeni kwenye nati.

"Nani amegusa hapa?" akauliza.

"Hakuna, fundi. Labda imelegea yenyewe."

"Imelegea yenyewe, halafu ikajikaza yenyewe?"

Miwani akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mume wangu akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara. Mimi nikatoka na utepe wangu wa kupimia shingoni, namfuata, kwa sababu ule mwendo wake haukunipendeza. Pikipiki zilikuwa zimepangwa kituoni kusubiri abiria. Akaanza na ya kwanza. Akainama, akaangalia nati, akainuka. Akaenda ya pili, akainama. Ya tatu. Wale wanaume waliokuwa wakipiga soga wakainuka mmoja mmoja. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari. Hakukuwa na alama hata moja iliyokuwa nzima.

"Zote?" akasema. "Jamani, zote?"

 Mwishowe Miwani akavua miwani. Nilikuwa sijawahi kuona macho ya yule kijana.

"Fundi, tusamehe. Ulikuwa unazikaza mno. Zinaunguza pleti. Tukitoka kwako tunapita kwa fundi wa kona, anazirudisha."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Sasa kwangu mlikuwa mnakuja kufanya nini?"

"Tungeachaje kuja, fundi? Wewe ndiye fundi wetu. Tulikubaliana tu kwamba usijue."

Hapo nikalipuka. Sikumwachia mume wangu nafasi ya kujibu. Nikawauliza kama wana akili timamu, kama wamemwona mume wangu ni mtoto wa kupewa pipi anyamaze, kama kila "asante fundi, imekuwa tamu" ilikuwa kichekesho cha kona huko. Miwani akasema, "Shemeji, ilikuwa huruma." Nikamwambia huruma yake akaitie kwenye tangi aendeshee. Bora wangemtukana. Bora wangehama. Mtu mzima anaambiwa ukweli usoni, hafichwi! Niliyasema hayo kwa sauti iliyowafanya hata abiria waliokuwa wakipita washuke kwenye pikipiki kunisikiliza.

Yeye hakunisikiliza. Alikuwa anauangalia mkono wake wa kushoto.

"Miwani," akasema, "vuta klachi ya hii."

Miwani akavuta, kishikio kikaja mpaka kikagusa mpini wa usukani. Mume wangu akamwambia aachie, akaweka vidole vyake mwenyewe pale pale, akafumba macho kama alivyozoea, akavuta. Kishikio kikaja nusu njia, kikasimama. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyemaliza kuvuta.

"Nimefika mwisho," akasema, macho bado kayafumba.

 Akafumbua macho, akaona kishikio kilivyo mbali na mpini. Akajaribu tena huku anaangalia, akauma meno, kikaja pale pale.

"Kumbe havifiki," akasema taratibu. "Miye nasema klachi hazikati. Kumbe ni mimi sivuti."

Nilimshika mkono tukavuka barabara. Ulikuwa mkono wa baridi, na katikati ya kidole gumba na cha shahada nyama ilikuwa imebonyea, pale ambapo mkono wa fundi unatakiwa uwe umejaa. Miaka yote ninapima mabega na viuno vya watu, na mkono wa mume wangu ulipungua mbele ya macho yangu.

Hospitali walimchoma sindano za vipimo, wakamgonga magoti, wakamwambia akunje vidole, anyooshe, akunje. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Akatueleza kwamba mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa. Imeanza mkono wa kushoto, itafika wa kulia, na baadaye kwingine. Nikauliza dawa. Akasema kuna mazoezi ya kusaidia viungo visikakamae, ila dawa ya kuurudisha mkono haipo. Niligeuza swali lile kwa kila namna ninayoijua, na jibu lilikuwa lile lile.

Tulipotoka nje mume wangu akasema, "Umesikia, Cherehani? Mkono hauna neno. Waya ndio umekatika huku juu." Akagusa shingo. "Na waya wenyewe hawauzi hata feki." Alinitazama nicheke. Nilijaribu, nikashindwa, nikalia pale pale kwenye ngazi za hospitali, watu wanatupita.

Gereji ikafungwa. Alikaa ndani, upande wangu wa pazia, ananitazama nikishona. Pikipiki ikipita barabarani alisema, "Huyo ni Miwani, ekzosi imetoboka," au, "Huyo anabadili gia kabla ya wakati." Watu wa kituoni walikuja kumjulia hali mmoja mmoja, wameshika kofia zao, nami nikawanunia wote. Fundi wa kona naye akaja. Ni baba mnene, mpole, kazi alijifunza kwa mume wangu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja wangu, machozi yakamtoka bila hata kupiga hodi. Mume wangu akamsubiri anyamaze, halafu akamuuliza, "Zile klachi, ulikuwa unaziachia mchezo kiasi gani?"

"Unene wa sarafu, fundi."

"Sawa. Ndiyo inavyotakiwa."

Mazungumzo yao yakaishia hapo, wakanywa chai. Kikombe cha mume wangu nilikishika mimi.

Asubuhi moja nikamsikia ng'ambo ya pazia anahangaika na vyuma. Akaniita. Pikipiki yake ilikuwa imesimama katikati ya banda, pleti mpya ameshazifunga. Sijui alizifungaje kwa mkono mmoja, na sikuuliza, kwa mara ya kwanza maishani.

"Leo wewe ndiye vidole vyangu," akasema. "Shika hapa. Vuta taratibu, ukisikia uzito unaanza, simama."

Nikavuta. Nilijiona mjinga, mimi na kucha zangu zenye vumbi la chaki. Lakini nilipofumba macho kama yeye, nikausikia kweli ule mchezo, kitu chepesi kinachokwenda bure, halafu mahali ambapo waya unashtuka. Ni kama ninavyojua uzi wa cherehani umekaza sawa bila kuutazama.

"Hapa."

"Achia." Akageuza nati kidogo kwa mkono wa kulia. "Vuta. Sasa?"

"Umesogea. Uko hapa."

"Achia. Vuta."

Tulifanya hivyo asubuhi nzima, yeye anageuza, mimi navuta. Mwisho akanyoosha kiganja mbele yangu. Sikuelewa anataka nini.

"Nipe sarafu," akasema.

Nikaenda kwenye kopo langu la vifungo, nikachakura mpaka nikaipata moja. Akaichomeka sarafu kwenye upenyo wa kishikio. Ikaenea sawasawa, haikubana, haikulegea. Akaikaza nati. Akachukua chupa ya rangi ya kucha, akaifungua kwa meno, lakini kiburashi kikacheza, kikapaka kila mahali isipokuwa kwenye nati. Nikafuta kwa pindo la khanga yangu, nikapaka mimi. Mstari wangu ulitoka umenyooka vizuri, yeye mwenyewe akausifu.

Kisha akapanda. Akawasha injini kwa mguu. Akaweka vidole kwenye kishikio na kuvuta. Nilikuwa naona kinavyokuja nusu njia na kusimama. Akaingiza gia, pikipiki ikaruka mbele, ikazima. Akawasha tena. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikaruka, ikazima.  Akashuka, akaisimamisha pikipiki kwa stendi yake, akapangusa tangi kwa kiganja.

"Klachi iko sawa," akasema.

Nilimjua mume wangu. Angeweza kuukaza waya tena kidogo tu, apande, aunguze pleti, aendelee siku mbili tatu kuwa mtu wa pikipiki. Aliiacha ilivyo sawa. Nilienda upande wangu wa pazia nikakanyaga cherehani bila kitambaa, ili asinisikie nikilia.

Pikipiki akampa fundi wa kona. Alimpa sharti moja, apite nayo hapa mara kwa mara. Na kweli anapita. Mkono wa kulia nao ulikwisha kufuata wa kushoto, kama alivyosema yule daktari, na miguu sasa imeanza. Mume wangu amerudi kwenye mashati, maana vifungo namfungia mimi. Anakaa kwenye kiti mlangoni. Hawezi kuinama wala kufika barabarani, kwa hiyo pikipiki yake ikisimama huniambia, "Cherehani, hebu katazame alama."

Natoka, nainama, natazama, narudi. "Ipo."

"Nzima?"

"Nzima."

Basi anafurahi. Siku hiyo anakula vizuri. Siku nyingine hula vijiko vichache, hugeuza uso.

Juzi pikipiki ilisimama, akaniambia nikatazame. Nikatoka, nikainama. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu kwenye bolti, nusu imehamia kwenye nati. Nikamwinulia macho fundi wa kona, naye akaangalia chini.

"Shemeji, waya umelegea wenyewe," akaninong'oneza. "Nilichelewesha nilivyoweza, lakini gia zilianza kugoma. Ni kawaida tu, waya wowote hulegea. Nimegeuza kidogo sana."

Nilijua ni kawaida. Niliyajua hayo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yangu. Nikabaki nimeinama pale, mimi niliyewafokea wanaume wazima katikati ya barabara kwamba mtu mzima hafichwi. Nilitafuta maneno. Mimi, Cherehani, nikakosa maneno.

"Vipi?" akaita kutoka mlangoni. "Ipo?"

Nikanyanyuka, nikajipangusa magoti.

"Ipo," nikasema.

"Nzima?"

"Nzima kabisa. Haijaguswa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ni fundi wa klachi yule. Waya hulegea baada ya muda gani anajua kuliko sisi sote. Nikangoja aulize tena. Fundi wa kona akawasha pikipiki akaondoka, na mume wangu akaisikiliza inavyobadili gia mpaka ikapotea kwenye kona.

"Imekuwa tamu," akasema.

Halafu akaniomba nimfunge kifungo cha juu, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.